ALIYELALA USIKU MMOJA APEWA MNARA, WENYE KIJIJI JE?

Wadau, leo nina dukuduku na nitalitoa kama lilivyo. Kutoka kwetu Madale hadi Bagamoyo ni kushika barabara moja tu pale Tegeta, lakini kuna jambo la pale ambalo tumelifumbia macho miaka yote.

Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walifungua misheni Bagamoyo. Watoto waliokombolewa utumwani Zanzibar wakaletwa pale. Walipokua na kuoana walipewa nyumba na kishamba, kikazaliwa kijiji cha watu walioachwa huru. Kanisa likajengwa mwaka 1872.

Sasa angalieni ajabu hii. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulifikishwa kwenye kanisa hilo, ukalala usiku mmoja, kisha ukavushwa kwenda Zanzibar na baadaye London. Huyo ndiye aliyepewa jina. Mpaka leo tunasema "Mnara wa Livingstone"! Mzungu wa Scotland, wala hakuwa Mkatoliki, amefika pale akiwa maiti!

Na hao waliomfikisha? Akina Chuma na Susi walitembea naye kutoka Chitambo, Zambia ya leo, zaidi ya kilomita 1,500, miezi kama tisa. Mbona hatusemi mnara wa Chuma na Susi?

Najua kuna watakaosema jina la Livingstone linaleta watalii. Sawa, walete. Lakini mtalii anayevuka bahari kuja kuona historia ya utumwa anataka kusikia habari za waliokuwa watumwa. Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali ya UNESCO. Tunaomba dunia itambue njia hiyo wakati sisi wenyewe tunamtaja mpita njia mmoja!

Wala sisemi kijiji kile kilikuwa pepo. Watu walikombolewa, lakini waliishi kwa ratiba ya mapadri na kuyalima mashamba ya misheni. Hiyo nayo ni historia, isimuliwe bila kupakwa sukari.

Hoja yangu ni fupi: mnara uitwe kwa jina la kijiji kile cha walioachwa huru. Livingstone atajwe kwa usiku wake mmoja, inamtosha.

Naomba kuwasilisha.