Njuga Si za Ukoo

Kila likizuka suala la kuwapokea watoto wasio Wahindi katika masomo ya ngoma ya bharatanatyam, jibu huwa lile lile: hiyo ni mila yetu, wao wana zao. Jarida hili linapinga.

Kwanza, hiyo mila si yetu kwa kiasi tunachodai. Wengi wetu hapa Eldoret asili yetu ni Gujarat na Punjab. Bibi zetu walicheza garba na giddha. Bharatanatyam ni ya Watamil, kusini kabisa mwa India. Walioilea ni devadasi, wanawake waliowekwa wakfu hekaluni, pamoja na walimu wao. Mwanzoni mwa karne ya 19 ndugu wanne wa Thanjavur waliipangia mfuatano unaofundishwa hadi leo, kuanzia alarippu ya kufungua hadi tillana ya kufunga. Baadaye devadasi wakaitwa makahaba, na mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu.

Ngoma ilinusurika kwa kuwa ilishachukuliwa na wengine. Rukmini Devi, binti wa Kibrahmin, aliicheza hadharani mwaka 1935, jambo lililokuwa aibu kwa tabaka lake. Mwaka uliofuata akaanzisha shule ya Kalakshetra. Mrinalini Sarabhai akaifungulia shule Ahmedabad, Gujarat, mwaka 1949. Devadasi wenyewe, tuseme ukweli, hawakuonja sana matunda hayo. Balasaraswati, mzaliwa wa ukoo wao, alipinga jinsi mahaba yalivyochujwa ili ngoma ionekane ya heshima.

Sisi basi ni wapokeaji tu. Na mtazameni mtoto anayeanza: magoti yamekunjwa na kupanuliwa pembeni, mgongo wima, unyayo mzima unapiga sakafu, mwalimu anagonga kibao kwa fimbo. Muda si mrefu mapaja yanawaka moto. Hapo jina la ukoo halimsaidii mtu. Miguu na pumzi, katika mji huu wa wanariadha, hatujawahi kuzikosa.

Pili, mwaka 2017 serikali ilipotutambua kuwa kabila la 44 la Kenya, tulishangilia. Hatuwezi kudai kupokelewa huku tukiwafukuza watoto wa jirani.



Tunaiomba kamati ya masomo ya ngoma hii ifungue usajili wa muhula ujao kwa mtoto yeyote, ada iwe moja kwa wote, na njuga za kuazima ziwepo kwa asiyeweza kununua. Wazazi wanaokubaliana nasi waje mkutanoni waseme hivyo kwa sauti.