Kabla ya Kutuma Pesa ya Gari, Lipa Fundi Kwanza

Tuanze na jambo ambalo huenda hukutarajia kulisikia kutoka kwa kampuni inayoishi kwa kutuma pesa: kuna pesa tungependa usitume. Angalau usitume leo. Ni ile ya "kushikilia gari".

Unajua vile huwa. Umeona tangazo la gari mtandaoni, Vitz au Probox, limeoshwa likang'aa, na bei iko chini kidogo ya zile zingine. Unapiga simu. Jamaa wa upande wa pili ni mpole, anakuita boss. "Boss, hii gari haijawahi kuguswa. Ilikuwa ya mwalimu mmoja, ya kupeleka watoto shule tu. Lakini kuna mtu anakuja kuiona saa nane. Tuma hata thelathini nikushikilie." Na kwa sababu simu iko mkononi na pesa iko ndani ya simu, dakika mbili baadaye ishaenda.

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alituma hivyo. Hakuibiwa, na ndiyo maana tunataka usikie kisa chake. Gari lilikuwepo, muuzaji alikuwepo, logbuku ilikuwepo. Alifika yadi, akalizunguka mara mbili, akawasha redio, akapiga teke tairi, akamalizia deni. Wiki ya tatu, taa za dashibodi zikaanza kuwaka ovyo na giaboksi ikawa inasitasita. Fundi alipofunua kapeti alikuta matope makavu, na reli za viti zimeshika kutu. Gari lilikuwa limelala majini.

Tulimuuliza kwa nini hakwenda na fundi mapema. Alitujibu bila kuficha: "Nilikuwa nimeshatuma elfu 30. Fundi akiona shida, ningezipoteza. Kwa hivyo sikutaka kuona."

Hilo jibu ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Arubuni hufunga macho

Mara nyingi tukizungumzia pesa za simu na ununuzi wa gari, tunaonya kuhusu matapeli. Wapo, na tutaendelea kuonya. Lakini maoni yetu ni kwamba hasara kubwa zaidi huwapata watu kwa wauzaji wa kweli, wenye magari ya kweli. Ukishatoa arubuni, unaacha kuwa mnunuzi. Unakuwa mtu anayetetea pesa yake. Moshi unaotoka nyuma unaambiwa ni baridi ya asubuhi, nawe unakubali. Mlio wa mbele unaambiwa ni kitu kidogo cha kukaza, nawe unakubali.

Kwa hivyo tunasema hivi: pesa ya kwanza kutoka kwenye simu yako iwe ya kukagua, si ya kununua.

Anza na rekodi

Kabla hata ya kupanda matatu kwenda kuliona gari, omba nambari yake ya usajili, kisha utafute rekodi zake NTSA kupitia eCitizen. Unalipa kwa simu, tena ni shilingi mia chache tu. Utapata jina la mwenye gari kisheria, nambari ya chesisi na nambari ya injini. Kama gari lilichukuliwa kwa mkopo na benki bado imo kwenye umiliki, hapo pia utaona.

Ukifika, nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye rekodi, herufi kwa herufi. Isipolingana, au ikionekana imekwaruzwa na kugongwa upya, aga vizuri uende zako. Hakuna bei poa ya kufidia hilo.

Fundi awe wako

Kila yadi ina fundi amekaa kwenye kivuli karibu na lango. Ni mtu mzuri, anajua kazi, lakini kesho atakuwa hapo hapo na muuzaji, na wewe hutakuwepo. Usimtume yeye. Nenda na fundi uliyemchagua mwenyewe, umlipe mwenyewe, na umwambie waziwazi kwamba utamlipa hata ukikosa kununua. Fundi anayejua atalipwa tu gari likinunuliwa, atapata shida kukuambia usinunue. Ukipenda kampuni, zipo zinazofanya kazi hiyo na kukupa ripoti iliyoandikwa. AA ya Kenya, kwa mfano, hukagua na kukadiria thamani ya magari.

Fundi wako aangalie nini? Angalau haya:

- Injini iwashwe ikiwa baridi. Ukifika ukute imeshapashwa moto, uliza kwa nini. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe mzito usioisha ni dalili kwamba maji ya kupoza yanaingia kwenye injini.
- Oili iangaliwe kwenye kijiti na chini ya kifuniko. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.
- Kapeti zifunuliwe, mikanda ivutwe hadi mwisho, na shimo la tairi la akiba lichunguzwe. Matope na kutu mahali maji hayafai kufika ni dalili ya mafuriko. Mvua za 2024 zilizamisha magari mengi hapa nchini, na gari lililozama halisemi lenyewe.
- Rangi na nafasi kati ya milango na bodi zilingane pande zote. Upande mmoja ukiwa mpya kuliko mwingine, gari liligongwa. Kugongwa si dhambi, lakini bei ishuke, na chesisi ikaguliwe kama imepinda.
- Liunganishwe na kompyuta. Taa ya injini inaweza kuzimwa asubuhi ya mauzo na ikawaka tena jioni umefika nyumbani.
- Liendeshwe barabarani, si kuzungushwa yadi tu. Lipande mlima, lipite kwenye matuta, lifunge breki kwa ghafla mahali salama.

Usiamini kilomita za dashibodi peke yake, kwa kuwa hubadilishwa kwa kompyuta ndogo tu. Tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Gari la kilomita 60,000 halina pedali iliyolika hadi ikawa laini. Kwa gari lililotoka Japani juzi, omba karatasi ya mnada wa kule. Huwa na daraja la gari na kilomita zilizosomwa siku ile.

"Lakini lilikaguliwa Japani"

Hili tunalisikia sana. Ni kweli magari ya mitumba hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini kuja Mombasa, na KEBS hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Lakini ukaguzi huo unahusu siku ile lilipoondoka. Hauelezi miaka sita ya barabara zetu, wala aliyelifanyisha kazi ya teksi usiku na mchana, wala service zilizorukwa.

Wengine husema, "Nikingoja fundi, mwingine atalichukua." Sawa, alichukue. Magari hayajaisha, yadi zimejaa kuanzia Ngong Road hadi Kiambu Road. Na muuzaji anayekataa fundi wako aliangalie kwa saa moja tayari amekupa ripoti ya ukaguzi, tena bure.

Kuna na wale wanaosema ukaguzi ni ghali. Elfu chache, ni kweli, si pesa kidogo. Lakini peleka gari Kirinyaga Road ukaulize bei ya giaboksi, kisha uturudie tuongee.

Sasa, pesa itoke vipi?

Fundi amesema sawa, rekodi ni safi, mmekubaliana bei. Hapo ndipo simu yako iingie kazini.

Jina linalotokea kabla hujaweka PIN lilingane na jina la mwenye gari kwenye rekodi za NTSA. Ukiambiwa "tuma kwa huyu kijana wangu", simama. Kama gari ni la kampuni, lipa kampuni. Kama ni la mtu, lipa mtu huyo.

Kikomo cha muamala mmoja ni Sh250,000, na cha siku ni Sh500,000. Gari likizidi hapo, tumia benki. Usikubali kukatakata malipo kwenda nambari tatu tofauti. Bandu bandu huisha gogo, na siku ya kudai utajikuta unafuata watu watatu.

Na tafadhali elewa hili: huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya nambari iliyokosewa. Haikuwekwa kwa ajili ya majuto. Ukimtumia muuzaji kwa hiari yako kisha giaboksi ife, sisi hatuwezi kumnyang'anya. Tunapokea simu za aina hiyo, na hakuna kazi ngumu kwa mtu wa huduma kwa wateja kama kumwambia mtu hivyo.

Ikibidi utoe arubuni, iwe baada ya ukaguzi, iwe kidogo, na muandikiane: gari gani, bei gani, itarudishwa kwa masharti gani. Hifadhi ujumbe wa muamala. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pesa ya mwisho itoke muuzaji akiwa ameanzisha uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA mbele yako, si baada ya ahadi ya "tutafanya Jumatatu".

Mwenzetu bado analo lile gari. Analitengeneza polepole kila mshahara ukiingia, na sasa rafiki zake wakitaka kununua gari humpigia yeye kwanza. Huwauliza swali moja tu kabla ya mengine yote: "Umeshatuma pesa?"

Ukijibu "bado", uko pazuri. Tafuta fundi.