Mbwa Anapewa Likizo, Dada Mtu Hapewi

Machozi yenu yako karibu sana. Wiki nzima simu yangu imejaa video ya mtoto asiyeona, huko ng'ambo, akikabidhiwa mbwa wa kumwongoza. Mbwa anatembea polepole, mtoto anacheka, piano inalia, na hapo chini mnaandika: "Kenya tutafika huko lini?"

Mimi niko Kaptembwo, na huku mwongozaji tuko naye kitambo. Ana miaka tisa, yuko gredi ya nne. Ukimwona anatembea na mkono wa kushoto umerudi nyuma kidogo, jua ndugu yake mdogo ameushika.

Huyo kijana alipoteza macho baada ya kuugua ukambi vibaya. Miezi ya kwanza alikaa mlangoni tu, akigeuza kichwa kila mtu akipita. Siku hizi anajua mtaa kwa masikio na pua: mahali mashine ya kusaga unga inalia, mahali chipsi zinakaangwa, mahali fundi anachomelea vyuma. Hata mimi ananijua kwa ndala zangu. Kichwa chake kiko sawa kabisa. Kitu hawezi ni kutoka hapa hadi pale bila mkono wa dadake, na hawezi kwa sababu hakuna mtu amewahi kumfunza.

Sasa sikieni vile huyo mbwa wenu anaishi. Anachaguliwa kwa makini, na kuna wengi wanaoanguka mtihani. Analelewa kwa familia mwaka mzima hivi, halafu anafunzwa kwa miezi na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Anaanza kazi akiwa na karibu miaka miwili. Akivaa ile hatamu yake, usimshike, usimwite, yuko kazini. Ikivuliwa, anaruhusiwa kuwa mbwa: anakimbiza mpira, analala. Akiwa na miaka kama kumi, anastaafu.

Tena mbwa mwenyewe hajui njia. Anamwepusha mtu na shimo na gari, lakini anayejua wanaenda wapi ni binadamu. Ndiyo maana shule nyingi za mbwa hao hazipokei watoto wadogo. Zinangoja hadi miaka 16 hivi au zaidi. MIRA ya Quebec, Kanada, inajulikana kwa kupokea wa miaka 11. Na kwa kawaida mtu anatakiwa awe amejifunza kwanza kutembea na fimbo nyeupe. Fimbo kwanza, mbwa baadaye. Hiyo sehemu haikuwa kwa video.

Haya, rudini kwa msichana wetu. Nani alimfunza? Hatamu yake inavuliwa saa ngapi? Anastaafu lini, akiolewa?

Mwezi jana kijana alichukua mti wa mopa akatoka peke yake. Hakuna aliyemtuma. Akagonga ukuta, akafuata ukuta, akafika kwa kioski akanunua mandazi mbili. Kurudi, akaingia kwa mtaro usio na kifuniko. Alifika nyumbani na goti limechubuka, mandazi moja imelowa, na amefurahi ajabu. Aliyechapwa ni dadake, kwa kumwachilia.

Na msimrukie mamake. Huyo mama anafua nguo za watu Milimani kuanzia asubuhi. Nilipomuuliza, aliniambia, "Nikikaa na yeye hapa, tutakula nini?" Sikuwa na jibu, na wewe huna.

Najua kuna mtu anakuja kusema huo ni upendo, ndio familia ya Kiafrika. Msiniletee. Kwa makao makuu ya Shirika la Afya Duniani, Geneva, kuna sanamu ya shaba ya mtoto akimwongoza mzee kipofu kwa fimbo, kukumbuka vita dhidi ya upofu wa mtoni. Sanamu nzuri. Lakini huyo mtoto aliye mbele, shule alienda saa ngapi?

Hata Henry Wanyoike hakukimbizwa na mtoto. Sydney, mwaka wa 2000, alishinda dhahabu ya mita 5,000 akikimbia na mwanaume mzima aliyefanya mazoezi, na bado huyo mwongozaji alichoka, hadi Wanyoike akawa ndiye anamvuta kumaliza. Mtu mzima, tena mwanariadha, alichoka. Wa gredi ya nne je?

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali, kutumia usafiri wa umma na kupata vifaa anavyohitaji. Cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi, bure na ya lazima. Kila mtoto, hata yule anayemshika mwenzake mkono. Kuna vituo vya EARC vya kutathmini watoto kama huyu ili wapangiwe masomo. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina hazina inayosaidia watu kupata vifaa. Huyo mama hajawahi kusikia hata kimoja, mpaka nilipomwandikia kwa karatasi. Video ya mbwa, hiyo imemfikia.

Kwa hivyo sitaki mbwa Kaptembwo, si sasa. Huyo Labrador angefika kwa steji yetu akae chini, maana njia ya miguu imejaa pikipiki na meza za viatu. Nataka fimbo nyeupe moja ya saizi ya mtoto, mwalimu wa kumfunza kuitumia, na kifuniko kwa huo mtaro. Na nyinyi wa nduthi hapo steji, mnanijua na mimi nawajua: vuteni pikipiki nyuma hatua mbili, aache kugonga eksozi zenu. Hiyo haihitaji kaunti.

Jumamosi niliona dadake akicheza kati na wenzake. Alikuwa amefika mzunguko wa pili wakati aliitwa.