Tufundishe Kutafuta Chanzo: Mfano wa Mlio wa Breki

Aghalabu sayansi hufundishwa katika shule za msingi kana kwamba ni orodha ya majibu. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi afundishwe kwanza namna ya kutafuta chanzo cha jambo, na mifano ya kufaa tunayo karibu. Mmojawapo ni gari ambalo, baada ya kubadilishiwa pedi za breki, huanza kulia "tak".

Fundi asiyedadisi hufunga pedi nyingine mpya, na mwenye gari hulipa mara mbili. Fundi hodari hukagua kwanza nati za gurudumu na boliti za kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski. Zikiwa zimelegea, gari lisiendeshwe, kwa maana hapo uhai wa watu umo hatarini. Kisha huuliza: mlio husikika lini?

Ukisikika mara moja tu, breki inapokanyagwa baada ya gari kubadili mwendo kutoka mbele kwenda nyuma, yaelekea pedi inacheza katika nafasi yake. Diski huikokota hadi ikagonga ukingo wa kishikio. Basi huangalia kama vibanio vya pedi vimesahauliwa au vimechakaa, au kama pedi si za kipimo cha gari hilo. Lakini mlio ukifuata mzunguko wa gurudumu na kuongezeka kwa kadiri ya mwendo, hutafuta kitu kinachogusa kinachozunguka, kama vile bati la kukinga vumbi lililopindwa wakati wa kazi.

Jambo hili laweza kufundishwa bila gari. Chukua kisanduku, utie ndani kipande cha ubao kinachopungua kidogo upana wake. Kisukume kisanduku mbele kwa ghafula: ubao utagonga upande mmoja. Kisukume tena mbele bila kukitikisa: kimya. Kivute nyuma: utagonga upande wa pili. Waulize wanafunzi sababu kabla hujawaeleza. Kisha waache wapachike karatasi iliyokunjwa penye nafasi na kujaribu tena. Wabadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Wakibadili viwili, hawatajua kipi kilichoponya.

John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, alieleza njia kama hii mwaka 1910: kuhisi tatizo, kulibainisha, kukisia ufumbuzi, kuupima kwa hoja, kisha kuuthibitisha kwa majaribio. Wako watakaosema kwamba njia hii hula muda wa muhtasari. Ni kweli, lakini jibu lililokaririwa na kusahauliwa limekula muda zaidi.

Tena njia hii yatuhusu sisi walimu wenyewe. Mwanafunzi akiandika kwamba 52 kutoa 38 ni 26, na kila hesabu ya namna hiyo akaikosa vivyo hivyo, yaelekea hutoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu. Kumpa hesabu ishirini zaidi ni kufunga pedi mpya juu ya kosa lile lile. Mwombe akueleze alivyofanya, usikilize, ndipo umsahihishe.