Petroli ya chupa ni suala la afya

Sudan Kusini huchimba mafuta ghafi na kuyasukuma kwa bomba hadi Bahari ya Shamu, lakini sehemu kubwa ya petroli inayochomwa Juba hushushwa Mombasa, huvuka Uganda na kuingia kwa malori kupitia Nimule. Mwisho wa safari hiyo ni wa ajabu. Vituo vikikauka au foleni ikizidi, petroli huishia kwenye chupa za maji ya kunywa zilizopangwa kando ya barabara. Katika mtaa mkongwe kama Malakia, wenye soko, vibanda vilivyobanana na bodaboda tele, biashara hiyo imekaa mahali pabaya kuliko pote. Wengi huihesabu kuwa kazi ya polisi. Mimi naiona kuwa kazi ya watu wa afya kwanza, na kinga yake ianzie kwenye chombo na ugavi, si kwenye tabia za mama anayeuza.

Petroli haingoji kuguswa na moto. Hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Juba, ambapo kiangazi hupita nyuzi 35. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka, hutambaa chini na kulifuata jiko la mkaa la mama chai hatua kadhaa kutoka pale petroli ilipomiminwa. Ukishika, maji ya kupoza kidonda cha moto ndiyo hayo hayo yanayonunuliwa kwa dumu. Tena kuna madhara yasiyotoa moshi wala kukusanya watu: mtoto mwenye kiu hawezi kujua kwamba chupa ya maji haina maji. Anapopaliwa, petroli huingia mapafuni, na mzazi anayemtapisha kwa nia njema humzidishia. Afrika Kusini walipambana na balaa la namna hii kwa mafuta ya taa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, familia ziligawiwa vyombo ambavyo mtoto hawezi kuvifungua, na idadi ya watoto waliokunywa mafuta hayo ikapungua kwa karibu nusu. Kilichobadilika pale ni kifuniko.

Wapo watakaosema dawa ni elimu, watu waambiwe hatari. Lakini ni nani asiyejua kwamba petroli huwaka? Januari 2009, zaidi ya watu 110 walikufa Sachangwan, Kenya, wakichota mafuta ya lori lililopinduka. Julai 2010 ikawa Sange, mashariki mwa Kongo, zaidi ya 220. Septemba 2015 ilikuwa zamu ya Maridi, hapa hapa Sudan Kusini, ambako walioangamia walizidi 170, na Agosti 2019 Morogoro ikazika wengine wapatao 100. Kila mara habari zilienea na viongozi wakaonya, kisha lori jingine likaanguka na watu wakaja na madumu. Kuwaita walafi ni rahisi, hasa kwa anayejaza tangi lake kituoni bila kuhesabu lita. Mtu ambaye lita tano ni posho ya siku kadhaa hupima hatari kwa mizani nyingine, na mahubiri hayaibadilishi mizani hiyo.

Wengine watataka marufuku. Naielewa hasira yao, ila petroli inayokimbizwa barabarani haitoweki. Huhamia ndani, chini ya kitanda au nyuma ya duka, ambako mvuke hauna pa kutokea na familia imelala. Bora iuzwe mahali panapoonekana: kiwanja wazi mbali na majiko, madumu ya chuma yenye vifuniko, ndoo za mchanga, na chupa ya maji isiruhusiwe kabisa kubeba mafuta. Vyama vya bodaboda vinaweza kuyasimamia haya haraka kuliko ofisi yoyote, kwani mnunuzi mkuu ni mwanachama wao.

Pingamizi zito ni la fedha. Serikali ambayo watumishi wake wamekaa miezi mingi bila mshahara itapata wapi pesa za madumu? Swali ni la haki, lakini linamwelekea asiyehusika. Muuza chupa yuko mwisho kabisa wa mnyororo, na faida yake ni ndogo kuliko zote. Walio juu yake, waagizaji na wenye vituo, tayari hulipa ushuru na ada njiani kwa kila lori. Tozo ndogo kwenye lita inayoingia Juba, ikiwekewa hesabu ya wazi na kutumiwa kwa madumu na mchanga tu, ingegusa bei kidogo mno. Halmashauri ya Jiji inaweza kuanza na Malakia pekee, ikalinganisha majeraha ya moto na sumu yanayofikishwa hospitalini kabla na baada. Hesabu hiyo inahitaji daftari na karani mmoja.