Tangi limegeuka mlenda!

Wiki hii mapenzi tunayaweka kando kidogo (kidogo tu, yatarudi humu humu chini) tunaingia kwenye tangi la samaki. Usinune. Kijana wa mjini akishapata chumba na sebule, redio ikishakaa, sofa limeshaingia, roho inataka kioo chenye samaki wanaoringa. Mwezi wa kwanza raha tupu. Mwezi wa pili kioo kijani, mawe yameota ndevu, mgeni anauliza, "Humo mnafuga nini, mlenda?"

Mlenda wenyewe nimekutana nao Kalemela. Kwa wale ambao ramani yao inaishia Chalinze, Kalemela ni kata ya wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, ule uliozaliwa mwaka 2012 na kuwekewa makao makuu Bariadi. Ziwa Viktoria haliko mbali, upande wa Ghuba ya Speke. Shemeji yangu, mume wa dada, ana saluni ya kunyoa huko, na ndani kaweka tangi la lita 200 ili wateja wasichoke kusubiri zamu. Kioo, pampu ya hewa, taa, vyote vilimtoka pesa ya ng'ombe mzima. Na kwa Msukuma ng'ombe si mchezo, bwana.

Samaki wake ni furu. Tena si furu wa kukaanga tu: wametoka kwenye miamba upande wa Mwanza, na madume yana mgongo mwekundu kama pilipili iliyoiva. Wataalamu walimpa samaki huyo jina la nyererei mwaka 1985, kwa heshima ya Mwalimu. Huko Ulaya na Marekani watu wanamfuga kwa mapozi. Mimi nilipochungulia sikuona Mwalimu wala pilipili. Niliona supu.

"Shem," akaniambia, "kesho naleta mrututu. Kijiko kimoja, kijani chote kwisha."

Nikamwambia shemeji tulia. Ni kweli mrututu unaua mwani. Lakini ni shaba ile, inaua na konokono, na kipimo kikizidi samaki nao kwaheri. Halafu mwani ukifa wote kwa mpigo unaoza, na kuoza kunakula hewa iliyomo majini. Asubuhi unakuta furu wote wanaelea, tumbo juu. Ng'ombe kafa mara ya pili.

Cha kujiuliza ni nani anaulisha huo mwani. Nikakaa benchi la wateja siku nzima kama polisi. Taa inawaka asubuhi mpaka saluni inafungwa, na jua la jioni linapiga kioo dirishani. Dagaa wa kusaga wanatiwa mara tatu kwa siku, konzi konzi, na kila mteja anarusha kipande cha chapati kwa sababu watoto wanacheka. Maji yenyewe yanachotwa ziwani, yameshakuja na kijani chake. Chakula kinachobaki na choo cha samaki vinageuka mbolea, na mbolea pamoja na mwanga ndiyo shamba. Mwani hauna kosa, umelimiwa.

Dawa basi ikawa hivi. Kioo tulikikwangua kwa kadi ya plastiki iliyokwisha kazi, uchafu wa chini tukaunyonya kwa mpira, tukatoa robo ya maji na kuweka ya mvua yaliyotulia kwenye pipa safi. Robo tu. Ukimwaga yote unawatia samaki mshtuko. Sponji ya chujio tuliisuuza kwenye maji yale yale ya tangi, maana ndani yake wanaishi bakteria wanaokula sumu ya choo cha samaki. Ukiwafua kwa sabuni umejimaliza. Kisha taa tukazima, tangi tukalifunika gunia siku tatu, pampu ya hewa ikiendelea kuunguruma. Wateja walidhani kuna msiba. Tangu hapo taa saa nane kwa siku, chakula mara moja, kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Chapati marufuku. Dada aliandika tangazo kwa mkono wake.

Sasa nyie wa Masaki na Mikocheni wenye matangi ya maji chumvi, msijione mmepona. Kanuni ni hiyo hiyo, ila gharama inauma zaidi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na haitengenezwi kwa chumvi ya jikoni, inatakiwa ile maalumu ya matangi. Maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki, kwa hiyo unaongezea maji baridi yaliyochujwa. Maji ya kisima yanaweza kukuletea mbolea usiyoiona. Tangi jipya likivaa vumbi la kahawia usihangaike, mara nyingi linaondoka lenyewe baada ya wiki kadhaa. Ukipata nafasi mweke kangaja, maana kazi yake kutwa ni kuguguna mwani, lakini mpe tangi kubwa, ni samaki wa mbio. Na mrututu kwenye matumbawe na kamba? Hapana. Afadhali uwauze.

Tuje kwenye mapenzi niliyoahidi. Furu jike hana rangi ya maana, yeye ndiye mchaguzi, na anachagua kwa macho. Wa nyererei anamtaka mwekundu, jirani yake anayeitwa pundamilia anamtaka wa buluu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliofanya kazi Mwanza, waliwajaribu kwenye matangi: mwanga wa kawaida, kila jike kwa wake, mwanga wa rangi ya machungwa unaoficha tofauti, jike anachukua yeyote. Mwaka 1997 wakatangaza kwamba maji ya ziwa yanavyozidi kuchafuka, furu wanashindwa kutambuana, na aina zao zinapotea. Hapo sangara, aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, alikuwa ameshawafagia wengi katika miaka ya 1980.

Kumbe kijani kile cha saluni kimo pia ziwani, na kinatokana na yale yale: mbolea na udongo wa mashamba, maji machafu ya miji, mafunjo yanayofyekwa pwani wakati ndiyo chujio. Sasa gunia la kufunika ziwa zima utalitoa wapi? Maji ya kubadilisha robo? Nilimuuliza shemeji, akaendelea kunyoa.

Siku ya tisa, nikiwa nafunga begi, dume lilitoka nyuma ya jiwe, jekundu hasa, likatandaza mapezi mbele ya jike mmoja. Jike akaondoka zake. Saluni nzima ikaguna.

Juzi shemeji kapiga simu. Jike yule mdomo umevimba, hataki kula, aite bwana mifugo? Nikamwambia aache, mama kaweka mayai mdomoni, atakaa nayo kama wiki tatu. Akaniuliza kama wateja waambiwe.