Konseye wa shule si mtu wa kufukuza watoto juu ya minervali

Kila mwanzo wa mwezi, katika shule nyingi za sekondari za Goma, na hata kule Minova na Kalehe, jambo ni lile lile. Mtu anaingia darasani na orodha mkononi, anaita majina, na wale walioitwa wanabeba mifuko yao na kutoka. Minervali haijalipwa. Mahali pengine anayesoma orodha ni mkuu wa nidhamu, pengine ni mhasibu. Lakini kuna shule ambamo kazi hiyo wamemwachia konseye, mshauri wa shule, yule yule ambaye watoto waliambiwa mwanzoni mwa mwaka: ukiwa na shida, nenda kwake.

Nani atakwenda? Mtoto ambaye baba alibaki Masisi na mama anauza makala barabarani hatagonga mlango wa mtu aliyemtoa darasani Jumatatu mbele ya wenzake. Atanyamaza. Shule itasema konseye yupo, ofisi yake ipo, na hakuna mtoto mwenye shida.

Katika sekondari ya Kongo kila kiongozi ana lake. Prefe anaongoza shule, mkuu wa masomo anafuata walimu, mkuu wa nidhamu anashika utaratibu. Konseye anapaswa kumfuata mtoto mwenyewe. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kumwelekeza mtoto anapomaliza mwaka wa nane, baada ya mtihani wa TENASOSP, pale anapochagua masomo ya miaka minne inayofuata. Kwa familia iliyokimbia vita, mara nyingi uchaguzi huo unafanywa na umbali na bei. Mtoto aliyekua kati ya ng'ombe za Masisi, anayejua ugonjwa wa ndama kuliko mtu mzima wa mjini, anajikuta katika pedagojia kwa sababu ndiyo shule iliyo karibu na nyumba waliyopewa. Pengine hakuna njia nyingine. Lakini angalau mtu angekaa naye na mzazi wake nusu saa, awaambie shule ya vetérinere iko wapi, inaomba nini, na kama inawezekana kungoja mwaka mmoja.

Halafu kuna makaratasi. Watu walikimbia usiku, na hakuna aliyefikiria bilteni. Kambi nyingi za pembeni ya Goma zilipobomolewa mwezi wa Februari 2025, familia zilihama tena, na hata kile kidogo kilichobaki kikapotea njiani. Mtoto anafika shule mpya bila alama yoyote, anarudishwa darasa mbili nyuma, anakaa na wadogo zake, na baada ya miezi michache anaacha. Konseye anaweza kumpa mtoto huyo jaribio la kuonyesha kiwango chake, akatafuta viongozi wa shule ya zamani kwa simu (wengi nao walikimbilia Goma au Bukavu), akaandika barua kwa sudivizio ya elimu. Ni kazi ya siku chache, na inaokoa miaka miwili ya mtoto.

Jambo gumu zaidi halina karatasi. Mwalimu mwenye watoto 70 mbele yake anaona mmoja analala, anampiga magoti. Hajui kwamba usiku wote watu wanane walilala katika chumba kimoja, au kwamba mtoto huyo anashtuka kila mlango unapobamizwa. Konseye anapaswa kujua nani analala wapi, nani analea wadogo zake, nani hajala tangu jana. Wazazi wengine bado wanadhani kwenda kwake ni alama ya kichaa. Si hivyo. Ni mtu wa kusikiliza, na anayosikia hayapeleki kwenye chumba cha walimu wakati wa chai.

Isipokuwa jambo moja. Kila mtu Kongo anajua mzaha wa pointi zinazopatikana kwa ngono, na wanaouchekea ni wengi kuliko wanaoukataa. Msichana akisema mwalimu amemwomba, au mtu amemlazimisha njiani akienda kuchota maji, siri haiwezi kuishia kwa konseye. Sheria ya Kongo ya mwaka 2006 juu ya makosa ya ngono inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hata kama alisema ndiyo. Na dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza kabla ya masaa 72 kupita. Kwa hiyo hospitali kwanza, mikutano baadaye. Konseye anayekaa na prefe siku tatu kutafuta namna ya kulinda jina la shule, au anayeita familia mbili zipatane kwa mbuzi, amemwacha mtoto peke yake.

Viongozi wa shule wana jibu lao, na si la uongo. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi. Sekondari inaishi kwa pesa ya wazazi. Konseye mwenyewe mara nyingi hayuko kwenye orodha ya mshahara wa serikali, anangoja hiyo hiyo minervali ili alishe watoto wake. Anapobeba orodha, anatafuta mkate wake. Kumlaumu yeye peke yake ni kukosa haki.

Lakini kubadilisha mtu wa kubeba orodha hakuombi hata faranga moja. Mhasibu anaweza kuibeba, au kamati ya wazazi, ambayo inajua nani kweli hana na nani anajificha. Konseye apewe chumba mbali na mlango wa nidhamu, na saa inayotangazwa asubuhi mbele ya bendera. Shule isiyo na konseye ichague mama mwalimu ambaye wasichana tayari wanamwendea, maana karibu kila shule anaye, na impunguzie masaa ya kufundisha.

Mwezi ujao orodha itasomwa tena. Kabla ya siku hiyo, wazazi wa kamati, wahami na wenyeji pamoja, wana nafasi ya kumwuliza prefe nani ataingia nayo darasani.